Kilwa: Mji Mkuu wa Kale wa Pwani Yetu



Kila nchi ina mji wake mkuu. Mji mkuu ni mahali pa serikali. Hapo ndipo mambo makubwa ya nchi yanapoamuliwa. Mji mkuu wa Tanzania ni Dodoma.

Zamani, kabla mipaka ya Tanzania haijachorwa, pwani yetu ya kusini nayo ilikuwa na mji wake mkuu. Mji huo ni Kilwa. Wakati wa nguvu zake, amri ya Sultani wa Kilwa ilifika kaskazini mpaka Mafia, na kusini mpaka Sofala, ambayo leo iko katika nchi ya Msumbiji.

Habari za Kilwa zinatuhusu sisi wa Rufiji na Kibiti. Kilwa ni jirani yetu. Tena vitu vilivyoujenga mji ule si vigeni kwetu. Ni upepo wa kaskazi na kusi, vyombo vya baharini, mawe ya matumbawe, chokaa, na boriti za mikoko.

KILWA IKO WAPI?

Mtu akitoka Kibiti kwenda kusini, hupita Ikwiriri. Kisha huvuka Mto Rufiji kwenye Daraja la Mkapa, lililofunguliwa mwaka 2003. Huendelea mpaka Nangurukuru. Hapo huiacha barabara ya Lindi na kushika njia ya kushoto, mpaka Kilwa Masoko.

Kilwa ziko tatu. Kilwa Masoko ni makao makuu ya wilaya. Kilwa Kivinje ni mji wa pwani uliokua sana katika miaka ya 1800. Kilwa Kisiwani ndiyo ya kale kuliko zote. Hiyo ndiyo tunayoisoma hapa. Iko katika kisiwa, ng'ambo ya Masoko. Watu huvuka kwa mashua. Wanakijiji wanaishi kisiwani mpaka leo, karibu na magofu ya mji wa zamani.

MJI ULIANZAJE?

Wazee wa Kilwa walikuwa na masimulizi juu ya mwanzo wa mji wao. Masimulizi hayo yaliandikwa zamani. Yanasema kwamba mtu aliyeitwa Ali bin Hassan alitoka Shiraz, katika nchi ya Uajemi, ambayo leo inaitwa Irani. Alipofika Kilwa alikuta kisiwa kina wenyewe na kina mkubwa wake. Ali alitaka kukinunua. Yule mkubwa alikubali kukiuza kwa nguo nyingi, zenye urefu wa kukizunguka kisiwa chote. Ali akazitoa. Mwenye kisiwa akahamia bara. Siku zile maji yakipwa, mtu aliweza kuvuka kwa miguu kutoka bara. Ali akachimbua mahali pa kuvukia ili maji yasikauke tena, naye mwenye kisiwa asiweze kurudi kwa vita.

Je, masimulizi haya ni kweli yote? Wataalamu wa mambo ya kale walikwenda Kilwa kuchimba. Mmoja wao ni Neville Chittick, aliyefanya kazi huko hasa katika miaka ya 1960. Chini ya kuta za mawe walikuta mabaki ya mji wa zamani zaidi. Walikuta alama za nyumba za miti na udongo, vigae vya vyungu vilivyofinyangwa papa hapa pwani, na mabaki ya kazi ya kufua chuma. Vitu hivyo ni vya tangu miaka ya 800 hivi. Hivyo tunajua kwamba watu wa pwani ndio walioanza kuishi Kilwa. Walikuwa wavuvi, wakulima na wahunzi.

Hata hivyo masimulizi ya wazee hayakuwa bure. Sarafu zenye jina la Ali bin Hassan zimeonekana. Na mwaka 2023 wataalamu walitoa matokeo ya uchunguzi wa mifupa ya watu waliozikwa zamani katika miji ya pwani, pamoja na Kilwa. Waliona kwamba wengi wao walikuwa na asili mbili. Upande wa mama ulikuwa hasa wa Afrika. Upande wa baba kwa wengi ulitoka Asia, hasa Uajemi. Basi wageni walikuja kweli, wakaoa hapa, wakawa wenyeji. Lugha ya watoto wao ilikuwa lugha ya mama zao, lugha ya pwani.

KWA NINI KILWA ILITAJIRIKA?

Kila mvuvi na baharia wa delta anazijua pepo mbili kubwa. Kaskazi huvuma kutoka kaskazini, kuanzia mwezi wa Desemba mpaka Machi hivi. Kusi huvuma kutoka kusini, tangu Aprili mpaka Septemba hivi. Zamani vyombo vya tanga kutoka Arabuni, Uajemi na Bara Hindi vilikuja kwa kaskazi na kurudi kwa kusi.

Sasa fikiri juu ya Sofala. Dhahabu ilichimbwa bara, katika nchi ambayo leo ni Zimbabwe. Ililetwa pwani mpaka Sofala. Lakini Sofala iko mbali sana kusini. Chombo kutoka Arabuni hakikuweza kwa urahisi kufika huko na kurudi kwao katika mwaka mmoja. Kiliweza kufika Kilwa na kurudi. Kwa hiyo Kilwa ikawa mahali pa kukutana. Watu wa Kilwa waliifuata dhahabu Sofala na kuileta nyumbani. Wageni waliinunua Kilwa. Mwishoni mwa miaka ya 1200 Kilwa ilikuwa imeshika biashara ya Sofala. Kila mzigo ulitozwa ushuru.

Kutoka Kilwa zilitoka dhahabu na pembe za ndovu. Kuja Kilwa zilikuja nguo za Bara Hindi, shanga za kioo, na bakuli nzuri za kaure kutoka China.

Kilwa ilikuwa na fedha yake yenyewe. Sarafu za shaba zilifuliwa zenye jina la Sultani upande mmoja, na maneno ya kumtaja Mwenyezi Mungu upande wa pili. Sarafu moja ya Kilwa ilionekana katika magofu ya Zimbabwe Kuu. Mwaka 1944 askari mmoja aliokota nyingine katika visiwa vya Wessel, kaskazini ya Australia. Tazama jinsi zilivyofika mbali!

NYUMBA ZA MAWE NA BORITI ZA MIKOKO

Mafundi wa Kilwa walijenga kwa vitu vya pwani. Mawe yalikuwa ya matumbawe. Matumbawe laini yalitolewa baharini na kuchongwa yangali mabichi, kwa sababu yakikauka huwa magumu. Kwa hayo walitengeneza milango, mihrabu na mapambo. Chokaa ilipatikana kwa kuchoma matumbawe juu ya rundo la magogo.

Dari zilikuwa za boriti. Boriti zilipangwa kutoka ukuta mmoja mpaka wa pili. Juu yake yakawekwa mawe na chokaa, yakapondwa mpaka yakawa sakafu ngumu. Kwa sababu hiyo vyumba vilikuwa virefu lakini vyembamba. Upana wake mara nyingi haukuzidi mita tatu. Boriti ya mkoko ndiyo iliyopima chumba. Sisi wa delta tunaielewa kazi hiyo. Boriti za Rufiji nazo zilipakiwa majahazini kwa miaka mingi, zikapelekwa Arabuni na Ghuba ya Uajemi, kwenye nchi zisizo na miti ya kujengea.

Jengo maarufu la Kilwa ni Msikiti Mkuu. Sehemu yake ya kwanza ni ya miaka ya 1000 na 1100. Katika miaka ya 1300 ulipanuliwa sana, ukatiwa nguzo, matao na kuba. Kuna pia msikiti mdogo wenye kuba, uliojengwa katika miaka ya 1400. Ndani ya dari yake mafundi walipachika bakuli za kaure ziwe pambo.

Usidhani kwamba kila mtu alikaa katika nyumba ya mawe. Nyumba za mawe zilikuwa za matajiri. Watu wengi walikaa katika nyumba za miti na udongo, kama za vijiji vyetu.

SULTANI NA MGENI WAKE

Sultani mashuhuri wa Kilwa ni Hassan bin Sulaiman. Alitawala kuanzia mwaka 1310 hivi. Katika ujana wake alikwenda kuhiji Makka. Yeye ndiye aliyejenga jumba kubwa liitwalo Husuni Kubwa, juu ya jabali linalotazama bahari. Jumba lile lilikuwa na vyumba zaidi ya 100, nyua, ghala za bidhaa, na birika la kuogea lenye pembe nane.

Mwaka 1331 alifika Kilwa msafiri mkubwa aliyeitwa Ibn Battuta, mzaliwa wa Tangier katika nchi ya Moroko. Alikuwa ameona miji mingi. Aliisifu Kilwa kuwa ni miongoni mwa miji mizuri. Alisema pia kwamba Sultani alikuwa mkarimu sana. Alisimulia habari ya maskini mmoja kutoka Yemen, aliyemwomba Sultani nguo alizovaa mwilini. Sultani aliingia ndani, akavaa nguo nyingine, akampa zile.

Lakini msafiri huyo alitaja jambo jingine pia. Sultani alikuwa akienda kupiga vita bara na kuchukua mateka na mali. Basi tusisahau. Uzuri wa mji ulitokana na kazi na biashara, lakini mkononi mwa watawala ulikuwamo na uonevu.

MAISHA YA WATU

Watu wa Kilwa walilima mtama, walivua samaki, na walifuga. Walisokota pamba na kufuma nguo. Wachimbaji wameokota vigae vidogo vya duara, vilivyotobolewa katikati, ambavyo vilitumika kusokotea uzi. Wengine walikuwa wahunzi, waashi na mabaharia. Baadhi ya vyombo vya pwani vilikuwa mitepe. Mtepe haukupigiliwa misumari. Mbao zake zilishonwa kwa kamba za makumbi ya nazi.

Dini yao ilikuwa Uislamu. Wasomi waliandika kwa herufi za Kiarabu. Wareno walipofika waliandika kuhusu nyumba za mawe na bustani zenye michungwa na mindimu.

MJI ULIANGUKAJE?

Kwanza ulianza ugomvi wa ndani. Katika miaka ya 1400 wakubwa wa Kilwa waligombania utawala. Mawaziri na maamiri walimweka Sultani wamtakaye na kumwondoa wasiyemtaka. Mji uligawanyika.

Kisha walikuja Wareno. Mwaka 1498 Vasco da Gama alipita pwani yetu akienda Bara Hindi. Mwaka 1502 alirudi na merikebu za vita zenye mizinga. Alimlazimisha mtawala wa Kilwa, Amiri Ibrahim, alipe kodi ya dhahabu kila mwaka kwa mfalme wa Ureno. Dhahabu hiyo ilipelekwa Ureno. Mwaka 1506 ilitengenezwa chombo cha ibada cha kanisani. Chombo hicho kipo katika makumbusho ya Lisbon mpaka leo.

Mwezi wa Julai mwaka 1505, Francisco d'Almeida alikuja na merikebu nyingi. Askari wake waliingia mjini na kupora mali. Amiri Ibrahim alikimbia. Wareno walijenga ngome, wakakaa mpaka mwaka 1512, kisha wakaondoka. Lakini biashara ya dhahabu ya Sofala walikuwa wameishika wao. Kilwa ilikuwa imekatwa mkono wake wa kulia. Mwaka 1587 ilishambuliwa tena, na watu wa kutoka bara walioitwa Wazimba. Watu wengi walikufa.

Baadaye Kilwa iliinuka kidogo, lakini kwa biashara mbaya. Mwaka 1776 Mfaransa mmoja, Morice, alifanya mkataba na Sultani wa Kilwa wa kununua watumwa kwa ajili ya mashamba ya visiwa vya Bahari ya Hindi. Kisha Waarabu wa Omani walishika utawala. Walijenga upya ngome ambayo leo inaitwa Gereza. Katika miaka ya 1840 Sultani wa mwisho alichukuliwa na kupelekwa Omani. Biashara ilikwisha kuhamia Kilwa Kivinje. Watu wa bara, kutoka upande wa Ziwa Nyasa, waliletwa huko kwa minyororo na kuuzwa. Mwaka 1873 kusafirisha watumwa kwa bahari kulipopigwa marufuku Zanzibar, wafanyabiashara waliwapitisha kwa miguu kutoka Kilwa kwenda kaskazini, kwa njia ya nchi yetu ya Rufiji.

ADUI WA SASA NI BAHARI NA MVUA

Leo mji wa kale wa Kilwa ni magofu. Mwaka 1981 shirika la Umoja wa Mataifa la UNESCO liliyaweka magofu ya Kilwa Kisiwani na ya Songo Mnara, kisiwa cha jirani, katika orodha ya urithi wa dunia nzima. Mwaka 2004 yaliwekwa katika orodha ya mahali palipo hatarini. Mawimbi yalikuwa yakila ufuko, na kuta zilikuwa zikianguka baharini. Mvua ililainisha chokaa. Mizizi ya miti ilipasua mawe.

Kazi ilifanyika. Mafundi walitengeneza kuta. Kinga za mawe zilijengwa ufukweni. Wanakijiji walipanda mikoko ili mizizi yake ishike udongo na kuvunja nguvu ya mawimbi. Mwaka 2014 magofu yaliondolewa katika orodha ya hatari. Lakini bahari haichoki, na ulinzi nao hauna mwisho. Tazama Kisimani Mafia, mji uliokuwa chini ya Kilwa. Sehemu yake kubwa imekwisha kuliwa na bahari.

NA KWETU JE?

Kuna mji wa zamani zaidi ya Kilwa, unaoitwa Rapta. Yapata miaka 2000 iliyopita, baharia mmoja wa Misri aliyejua Kigiriki aliuandika katika kitabu cha safari. Alisema watu wake walikuwa na mashua za kushonwa na waliuza pembe za ndovu. Mahali ulipokuwa hapajathibitishwa. Baadhi ya wataalamu wanautafuta karibu na Rufiji. Katika miaka ya 1990 Profesa Felix Chami wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam alichimba Mkukutu, karibu na Kibiti. Alipata shanga ndogo za kioo zilizotoka katika nchi za Warumi.

Shanga kama hizo mtu anaweza kuzitupa kwa jembe bila kujua. Kwa hiyo tukumbuke mambo haya:

1. Ukilima au ukichimba msingi ukakuta vigae vingi vya kale, shanga, sarafu au ukuta wa mawe, usivunje. Acha kama vilivyo.

2. Toa taarifa kwa serikali ya kijiji, ili habari ifike wilayani na kwa wataalamu wa mambo ya kale. Sheria ya mwaka 1964 inalinda vitu vilivyotengenezwa kabla ya mwaka 1863.

3. Usimwuzie mtu vitu hivyo. Kikitolewa mahali pake, kitu hakiwezi tena kutueleza habari zake.

4. Usichukue mawe ya magofu kujengea nyumba.

5. Tunza mikoko ya ufukweni. Mikoko huzaa samaki na kaa, na pia huzuia bahari isile nchi.

6. Waulize wazee habari za kijiji chako. Sasa unajua kuandika. Ziandike katika daftari, utaje jina la mzee aliyekusimulia, na tarehe.

Masimulizi ya Kilwa tunayasoma leo kwa sababu kulikuwa na mtu aliyeyaandika. Masimulizi ya Nyamisati, Mbwera, Salale na vijiji vingine yanangoja waandishi wake.

MASWALI

1. Kilwa tatu ni zipi? Ipi ni ya kale kuliko zote?

2. Kwa nini vyombo vya Arabuni viliishia Kilwa badala ya kwenda Sofala?

3. Kwa nini vyumba vya nyumba za mawe vilikuwa vyembamba?

4. Wareno walikaa katika ngome yao Kilwa toka mwaka 1505 mpaka 1512. Ni miaka mingapi?

5. Ibn Battuta alifika Kilwa mwaka 1331. Mpaka mwaka huu ni miaka mingapi imepita?

6. Jadilianeni darasani: Ni jambo gani lililoidhuru Kilwa zaidi, ugomvi wa ndani au adui wa nje?

7. Jadilianeni: Katika kijiji chenu kuna kaburi, kisima au mahali pa kale? Nani anapatunza?

MAANA YA MANENO

Boriti: mti mnene wa kushikilia dari.
Kaure: udongo mweupe mgumu wa kutengenezea vyombo.
Kuba: paa la mviringo kama bakuli lililofunikwa.
Magofu: majengo yaliyobomoka na kuachwa.
Masimulizi: habari za zamani zinazosimuliwa na wazee.
Mihrabu: mahali msikitini anaposimama imamu akisalisha.
Ushuru: fedha inayotozwa juu ya bidhaa.